Picha na Sauti Katika Umoja wa Wenye Kazi Moja

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili aliniomba niandike somo litakalowafaa wale wanaokaribia kuingia katika kazi. Nami nimechagua jambo ambalo halikuwamo katika vitabu vyetu tulipokuwa darasani, yaani jinsi watu wa kazi moja, waliotawanyika mbali mbali, wanavyoweza kufundishana kwa picha na kwa vipindi vya sauti vinavyowekwa katika intaneti. Nitaanza na kosa langu mwenyewe, kwa sababu kosa hilo ndilo lililonifundisha.

MIBUNI YA MAMA MJANE

Mimi ni bwana shamba upande wa Mbale. Wenzangu kadhaa niliojifunza nao kazi hii wamebaki Jinja na sehemu nyingine za Busoga. Kutoka Jinja hadi Mbale kwa njia ya Iganga na Tirinyi ni kilomita 140 hivi, na nauli yake si ndogo kwa mtu anayetaka kuuliza neno moja tu. Kwa hiyo tuliunda kundi letu katika WhatsApp, tupate kuulizana habari za kazi.

Siku moja nilipanda mlimani, juu ya Mbale, nikafika kwa mama mmoja mjane mwenye mibuni sitini hivi. Baadhi ya mibuni ilikuwa imegeuka rangi ya manjano, na majani yake yamelegea. Nikasimama mbali kidogo, nikapiga picha moja, nikaituma kwa wenzangu na maneno haya: "Mbuni huu unakauka. Ni ugonjwa gani?"

Haikupita nusu saa, majibu matatu yakaja kutoka Busoga, nayo yote yalikuwa mamoja: ni ugonjwa wa mnyauko; ng'oa mti wote, uchome papo hapo, usije ukaambukiza mingine. Nilifurahi kuona wanakubaliana, nikamweleza yule mama. Akawaita wanawe wawili walete majembe. Kisha akaniuliza neno ambalo sitalisahau: "Mwanangu, hao rafiki zako wameuona mti wangu, au wameiona picha tu?"

Nilipokuwa nikitafuta la kumjibu, simu ililia. Ilikuwa sauti ya mzee mmoja wa kundi letu, bwana shamba aliyestaafu, akaaye upande wa Sironko. Alisema: "Kijana, huo ni Arabica au Robusta? Na shina lake li wapi? Umetuonyesha kofia, hukutuonyesha miguu."

Nikapiga magoti chini ya mbuni. Karibu na ardhi palikuwa na tundu, na chini yake unga wa mbao, kama ule uangukao chini ya msumeno. Nikapiga picha ya shina, nikaituma. Mzee akajibu mara moja kwamba ni mdudu atoboaye shina. Buu lake hula chini ya gamba, likazunguka shina na kuikata njia ya chakula na maji, ndiyo maana mti unaonekana kama una ugonjwa. Dawa yake si kung'oa shamba zima. Mabuu huchomwa kwa waya ndani ya matundu, na ile miti iliyokwisha kuharibika kabisa ndiyo ing'olewayo. Tulikagua mti mmoja mmoja. Minne iling'olewa. Iliyobaki iliponea chupuchupu, si kwa mdudu, bali kwa ushauri wetu.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Wenzangu wa Busoga hawakuwa wajinga. Kahawa yao ni Robusta, ambayo hupandwa katika nchi ya chini. Ugonjwa wa mnyauko uligunduliwa katika Robusta ya Uganda mwaka 1993, upande wa magharibi, ukaenea nchini na kuua karibu nusu ya mibuni hiyo katika miaka kumi hivi. Aliyeyaona maangamizi hayo hawezi kuuona mbuni ulionyauka asishtuke. Lakini kahawa ya mlima Elgon ni Arabica, na ugonjwa ule katika nchi yetu ulishambulia Robusta, si Arabica. Jibu lao lilikuwa sahihi kwa mti mwingine.

Kosa lilikuwa langu. Picha yangu ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa pungufu. Tena niliuona wepesi wa majibu na wingi wake nikaudhani ni uhakika. Watu watatu wakikubaliana juu ya picha iliyokosa shina, bado shina halijaonekana. Tangu siku ile tulijiwekea kanuni, nami nazitoa hapa ili kila mmoja azitumie katika kazi yake.

KANUNI ZA PICHA

Kwanza, picha ziwe tatu, si moja: ya kwanza ionyeshe kitu chote mahali kilipo, ya pili ionyeshe sehemu yenye hitilafu, ya tatu iwe ya karibu sana, na kando yake pawekwe sarafu au kalamu, ili atazamaye ajue ukubwa.

Pili, picha iandamane na maneno manne: ni kitu cha namna gani, kiko wapi, hitilafu ilianza lini, na limefanywa nini mpaka sasa. Kama ningeandika neno moja tu, "Arabica", wale wenzangu watatu wangenyamaza au wangeuliza zaidi.

Tatu, tujue kwamba WhatsApp huifinya picha ili ipite upesi, na katika kufinywa vitu vidogo hupotea. Panapokuwa na jambo la kuangaliwa kwa makini, itumwe kama faili la hati, nayo itafika kama ilivyopigwa.

Nne, tuombe ruhusa. Shamba lina mwenyewe, na uso wa mtu una mwenyewe. Uganda ina sheria ya kulinda habari za watu, iliyotungwa mwaka 2019. Lakini hata kabla ya sheria, adabu yatosha kutuongoza. Ikumbukwe pia kwamba picha ya simu yaweza kubeba ndani yake tarehe na mahali ilipopigwa, hata kama huyaoni. Kwa wenzetu wauguzi na madaktari jambo hili ni zito zaidi. Picha ya kidonda isiyo na uso yaweza bado kumtambulisha mgonjwa, kwa kovu lake, au kwa nguo zake, au kwa jina lililoandikwa juu ya kitanda.

KAZI YA SAUTI

Picha huonyesha kitu kilivyo, lakini haionyeshi jinsi mtu alivyofikiri mpaka akakitambua. Yule mzee wa Sironko aliyajua ya shina kwa miaka mingi ya kuzunguka mashambani, na elimu ya namna hiyo hutoka kwa masimulizi. Kwa sababu hiyo tulianza kutengeneza podikasti.

Podikasti ni kipindi cha sauti kinachowekwa katika intaneti, mtu akakichukua katika simu yake na kukisikiliza wakati wowote apendao, hata akiwa njiani au akipalilia. Jina lenyewe lilianza kutumika mwaka 2004, nalo lilitokana na iPod, chombo cha kusikilizia muziki ambacho kampuni ya Apple iliacha kukitengeneza mwaka 2022. Chombo kimekwisha, jina limebaki. Tofauti yake na redio ni kwamba kipindi cha redio kikikupita kimekwenda zake, na podikasti hukungoja. Tena haihitaji mnara wala kituo.

Gharama yake yaweza kupigiwa hesabu. Sauti ya mazungumzo ikirekodiwa kwa kilobiti 64 kwa sekunde, hiyo ni kilobaiti 8 kila sekunde, yaani kilobaiti 480 kila dakika. Basi kipindi cha dakika kumi ni megabaiti 5 kasoro kidogo, karibu sawa na picha moja kubwa ya simu nzuri. Ndiyo maana twapendelea sauti kuliko sinema: data ya simu hununuliwa kwa fedha, na wasikilizaji wetu si matajiri.

Kurekodi si kazi ngumu. Simu ya kawaida yatosha, ikiwekwa umbali wa shibiri moja kutoka mdomoni, kando kidogo, pumzi isiipige. Chagua chumba kidogo chenye mapazia au nguo zilizotundikwa, kwa maana kuta tupu hurudisha mwangwi. Kipindi chetu cha kwanza kilirekodiwa alasiri, mvua ikanyesha juu ya mabati, na kilichosikika ni mvua tu. Siku hizi tunarekodi asubuhi mapema.

Kila kipindi kina msemaji mmoja na kisa kimoja, naye hujibu maswali manne: Uliona nini? Ulidhani nini? Ulikuta nini? Na leo ungefanyaje? Swali la pili ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu humtaka mtu aseme alivyokosea. Kisa cha kwanza kilikuwa hiki changu cha mibuni. Nilisita sana, nikaogopa kuchekwa. Lakini baada ya kukisikia, wale wenzangu watatu wa Busoga walileta visa vyao, na kimoja kilikuwa cha kosa kubwa kuliko langu. Hapo ndipo kundi letu lilipoacha kuwa mahali pa salamu na mizaha, likawa shule.

Lugha yetu ni Kiswahili. Upande wa Mbale watu husema Lugisu, Jinja husema Lusoga, na kila lugha ina majina yake ya wadudu na magonjwa. Katiba ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2005, Kiswahili kilitajwa kuwa lugha rasmi ya pili ya Uganda. Sisi tumekiona faida yake shambani. Jina la kienyeji hutajwa pia, ili mkulima alitambue.

TUSIWEKE AKIBA YOTE KATIKA GHALA LA WENGINE

Katika intaneti sisi ni wapangaji, na mwenye nyumba aweza kubadili kodi au kufunga mlango. Mwaka 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila atumiaye mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, ikawekwa nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Facebook ilifungwa nchini, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Hata ng'ambo mambo ni hayo hayo. Flickr, mahali palipojulikana tangu 2004 kwa kuweka picha, iliwawekea wasiolipa mpaka wa picha 1,000 mwaka 2019. Google Podcasts, ambayo wengi waliitumia kusikilizia vipindi, ilifungwa mwaka 2024.

Kwa hiyo kila picha na kila kipindi chetu kina nakala mbili: moja Jinja, moja Mbale, katika diski ndogo, pamoja na daftari lenye tarehe, mahali na jina la kitu. Katika jambo hili tuna mfano mzuri nchini. Tangu mwaka 2011, wale walioanzisha History in Progress Uganda wamekuwa wakinakili picha za zamani zilizomo katika majumba na makabati ya watu, na kuzitoa katika intaneti ili wengine wazione na kuongeza habari wanazozijua. Picha isiyo na maelezo ni kama barua isiyo na jina la mwandishi.

UMOJA SI SIMU

Msidhani umoja wa wenye kazi moja ulizaliwa na simu. Wakulima wa kahawa wa mlima Elgon walikuwa na Bugisu Cooperative Union tangu 1954, mwaka ule ule bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa Jinja. Wakati huo mtu alitembea kwa miguu kwenda mkutanoni. Leo njia imekuwa fupi, lakini mwenye kuuliza bado yampasa kusema kweli yote, na mwenye kujibu bado yampasa kungoja aone shina. Nayo makosa tusiyafute. Katika kundi letu lile jibu la mnyauko lingalipo, na chini yake masahihisho, apate kujifunza atakayekuja nyuma.

ZOEZI

Wanafunzi, chagueni kitu kimoja kilichoharibika hapa shuleni, kama bomba, dawati au mti. Kipigieni picha tatu na kuandika maneno manne. Kisha mmoja wenu arekodi dakika tatu, akijibu yale maswali manne. Mpeni mwalimu au fundi ambaye hajakiona kitu chenyewe, aseme hitilafu yake ni nini. Akishindwa, msimlaumu, tazameni kwanza picha zenu zimekosa nini.

Yule mama nilimtembelea tena wakati wa mavuno. Alinikaribisha chai, akanionyesha buni zilizoanikwa uani. Nilipotoa simu nipige picha, alicheka, akaniambia, "Mwanangu, leo anza na miguu."