Mama asiache vidonge akingoja seli shina

SWALI: Sisi ni wa Tarbaj. Mama yangu ana miaka 58. Mwaka jana huko Wajir tuliambiwa moyo wake umepanuka na hausukumi damu vizuri, akapewa vidonge vya aina nne. Juzi jamaa yetu alirudi kutoka Eastleigh, Nairobi, na pakiti za unga wa seli shina. Alisema zinaotesha misuli mipya ya moyo, na kwamba hazichanganywi na dawa za hospitali. Mama akaacha vidonge. Wiki mbili alikuwa mzima kabisa, sasa miguu imevimba na usiku analala ameketi. Ndugu zangu wanataka tuuze ngamia tumpeleke India adungwe seli shina zenyewe. Tuuze?

JIBU: Msiuze ngamia, na mama aende hospitali leo. Mtu mwenye moyo dhaifu ambaye hawezi tena kulala chali, maji yameanza kumjaa mapafuni. Hiyo si hali ya kungoja lori la kesho wala mjomba arudi kutoka malishoni.

Habari za pakiti hizo nimeulizwa na watu wa Garissa, wa Mandera na wa Nairobi, na kila mara maelezo ni yale yale. Seli shina ya kweli, yaani seli inayoweza kugeuka seli za aina nyingine, ni kitu kilicho hai. Huhifadhiwa kwenye baridi kali sana na hufa haraka ikiachwa kwenye joto. Unga uliokaushwa, ukasafirishwa kwa basi na kuuzwa kwenye duka la vipodozi, hauna seli hai ndani yake. Zingatia pia kwamba nyingi ya pakiti hizi zimeandikwa kuwa zimetokana na tufaha au zabibu. Seli ya tunda haiwezi kugeuka msuli wa moyo wa binadamu. Hata mama angekunywa seli hai za mtu, tumbo lake lingezimeng'enya kama linavyomeng'enya nyama.

Hata hivyo, unga wenyewe haunitishi kama ile kauli ya kwamba hauchanganywi na dawa za hospitali. Hiyo ndiyo inayoua. Unasema wiki mbili za kwanza mama alikuwa mzima, nami nakuamini, kwa sababu ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Mtu akiacha dawa ya kupunguza maji, haamki tena usiku kwenda chooni mara nne. Akiacha dawa za kutuliza presha na mapigo ya moyo, kizunguzungu na uchovu vinapungua. Anajiona mwepesi, majirani wanamwona amechangamka, na sifa zote zinaenda kwa pakiti. Wakati huohuo chumvi na maji vinajikusanya mwilini, na moyo uliokuwa umepumzishwa na vidonge umerudishiwa mzigo wote. Wiki ya tatu au ya nne miguu inavimba. Hapo muuzaji husema sumu inatoka, ongeza pakiti. Hakuna sumu inayotoka. Ni maji ambayo moyo umeshindwa kuyasukuma.

Huko London watafiti walitaka kujua kama mtu ambaye moyo wake dhaifu umerudi katika hali ya kawaida kwa dawa anaweza kuziacha. Waliwachukua watu 51 waliokuwa wamepata nafuu kamili, kisha wakawapunguzia dawa taratibu watu 25 kati yao, chini ya uangalizi wa karibu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: ndani ya miezi 6, watu 11 kati ya hao 25 walikuwa wameanza kuugua tena. Kati ya walioendelea kumeza dawa, hakuna hata mmoja. Hao walikuwa wamepona, wakipimwa moyo mara kwa mara katika hospitali kubwa. Mama yako hakuwa amepona.

Sasa India. Utafiti wa seli shina kwa moyo ni wa kweli na ninaufuatilia kwa matumaini. Lakini umepitia makosa makubwa. Mwaka 2001 ilitangazwa kwamba seli za uboho zimefufua mioyo ya panya, na dunia ikashangilia. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na hospitali yake ya Boston vikataka makala 31 za maabara ya Piero Anversa, mmoja wa vinara wa utafiti huo, ziondolewe kwa kuwa na data za uongo. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2023, la wagonjwa 537, halikufikia lengo lake kuu: waliodungwa seli hawakupungua kulazwa hospitalini kwa sababu ya moyo. Huko Osaka, Japani, tangu mwaka 2020 madaktari wameanza kubandika moyoni utando wa seli zilizokuzwa maabara, na Wajerumani nao wanajaribu kiraka cha misuli ya moyo. Yote hayo bado hayajathibitishwa kikamilifu. Serikali ya India yenyewe, katika mwongozo wake wa mwaka 2017, haikubali seli shina kuwa tiba ya kawaida ya moyo. Kliniki inayokutoza mamilioni kwa kitu ambacho bado kinajaribiwa haikutibu, inakuuzia.

Tena majaribio mengi ya seli hizi yalifanywa kwa watu ambao mishipa ya moyo iliziba. Kwetu ugonjwa una sura nyingine. Utafiti wa wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Kenya ikiwemo, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta mishipa iliyoziba ni chanzo kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya kumi. Karibu nusu walikuwa na presha ya damu. Wengine vali ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, wengine moyo ulidhoofika baada ya kujifungua. Je, mama aliwahi kuambiwa chanzo chake? Ulizeni. Kama ni presha, kuishusha kwa dawa za bei nafuu kutamsaidia zaidi kuliko sindano yoyote ya India. Kama ni vali, seli shina haiigusi. Hapo gharama ya kufikiria ni ya upasuaji, na hiyo huenda ikastahili ngamia.

Msimrudishie vidonge vyote nyumbani kwa mkupuo. Dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, ikirudishwa kwa kipimo kamili wakati mwili umejaa maji, inaweza kumzidishia ugonjwa. Daktari aanze na kutoa maji, kisha arudishe nyingine hatua kwa hatua. Chumvi ipunguzwe kwenye chungu cha nyumba nzima, maana mama hatapikiwa peke yake kila siku. Akitoka hospitali apimwe uzito kila asubuhi. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu, arudi bila kungoja tarehe ya kliniki.

Mkienda leo, bebeni vidonge vyote vilivyobaki, pakiti za unga hata zilizo tupu, na mueleze siku aliyoacha dawa. Msifiche kwa aibu. Daktari anahitaji kujua hayo kabla hajaandika chochote.