Kinanda kikinyamaza

Swali: Hapa Mbugani, Kyela, nimesikia "Take On Me" ya bendi ya a-ha ikipigwa polepole, bila ule mdundo niliouzoea. Kwa nini wameiharibu?

Jibu: Hawajaiharibu, ndugu yangu. Toleo la 1985 linakimbizwa na kinanda cha umeme, nawe unacheza kabla hujasikia maneno. Mwaka 2017, kisiwani Giske, Norwei, waliirudia taratibu, na mwimbaji wao, Morten Harket, akasikika kama mtu anayeomba kweli apokewe kabla hajaondoka. Mimi nalipenda zaidi toleo hilo. Kwetu safari ilikwenda kinyume: 2016 Diamond na Rayvanny waliitoa "Maria Salome" ya Saida Karoli kwenye ngoma za Kihaya wakaitia midundo ya kompyuta. Sikiliza matoleo yote mawili ya "Take On Me" ukiifuata sauti ya mwimbaji peke yake.