Dondoo Muhimu: Kulihifadhi Trela la Safari na Wezi

Kwa kuwa trela la safari halina injini, na mwizi mwenye gari la kulivuta aweza kutokomea nalo kwa dakika chache, yampasa mwenyewe kuzishika hadhari hizi:

• Kufuli. Funga kufuli ya chuma kigumu juu ya kichwa cha kuungia, kisha ukaze pingu ya gurudumu, kwani kila kizuizi humzidishia mwizi kelele na muda, mambo mawili ayachukiayo mno.

• Mahali. Uani, elekeza ukutani upande wake wa kuungia, au egesha gari lako mbele yake.

• Vyombo. Usiache ndani televisheni, kompyuta wala hati za umiliki. Na lisipotumika, acha mapazia na makabati wazi, ili achunguliaye dirishani aone dhahiri kwamba hamna cha kuiba.

• Alama. Mali bila daftari hupotea bila habari: nchini Uingereza, matrela mengi yaliyoundwa tangu 1992 husajiliwa katika daftari la CRiS kwa nambari ya chasisi, ambayo huchorwa hata kwenye vioo vya madirisha, basi inakili, uihifadhi nyumbani pamoja na picha, ikufae mbele ya polisi na kampuni ya bima.