Kucha za Mbwa: Rangi ya Kuzaliwa na Rangi ya Kupeleka kwa Daktari

Mbwa wa kawaida ana kucha 18: nne kila mguu, na ule wa kidole cha pembeni kwenye miguu ya mbele. Si lazima zote zifanane, na hilo halina ubaya wowote. La kuangalia ni rangi iliyobadilika. Haya, mwite mbwa wako, mlaze chini, tuanze.

1. Anza na manyoya ya kidole. Rangi ya ukucha hutoka kwenye ngozi inayouotesha. Ngozi yenye melanini nyingi huotesha ukucha mweusi. Isiyo nayo huotesha ule tunaouita mweupe, ambao kwa kweli hauna rangi, ndiyo maana nyama ya waridi inaonekana ndani yake. Mbwa mwenye vidole vyeupe mara nyingi ana kucha nyeupe. Basenji, yule mbwa wa Kongo asiyebweka kama wenzake, anatakiwa awe na miguu myeupe ili ahesabike wa aina yake safi, na kucha hufuata. Baka la rangi likiishia katikati ya kidole, utakuta hata ukucha wenye mistari, nusu mweusi nusu mweupe. Mbwa wetu wa kienyeji wanazo za kila namna.

2. Manyoya ya njano hayazuii kucha nyeusi. Labrador wa njano huwashangaza watu: mwili rangi ya mchanga, pua na kucha nyeusi tii. Jeni yake huzuia weusi kwenye manyoya tu, ngozi haiigusi. Ile ya rangi ya kahawia haibagui. Hugeuza manyoya, pua na kucha kwa pamoja.

3. Mtoto wa mbwa mpe muda. Wengi huzaliwa na pua na kucha zilizopauka, kisha weusi ukaingia wiki hadi wiki. Aliyekuuzia hajakudanganya. Kwa hili, angalau.

4. Maji na mswaki kwanza. Mbwa anayechimba kwenye udongo mwekundu, kama ule wa Karatu, atarudi na kucha nyekundu vilevile. Ikitoka kwa maji, yamekwisha.

5. Rangi ya kutu maana yake analamba. Mate ya mbwa yana pofirini, mabaki ya chembe nyekundu za damu zilizochakaa, nazo hupaka manyoya na kucha nyeupe rangi hiyo. (Mbwa mweusi naye hulamba, kwake haionekani tu.) Usihangaike na namna ya kuisafisha kabla hujajua kwa nini analamba. Mara nyingi ni mzio: viroboto, chakula, vumbi, nyasi. Unyevu wa mate nao huikaribisha fangasi iitwayo Malassezia, inayoacha uchafu wa kahawia wenye mafutamafuta kwenye shina la ukucha, pamoja na harufu. Kwa hiyo nusa. Ndiyo, nusa mguu wa mbwa. Ukinuka, usimpake ndimu, siki wala dawa ya kufulia nguo nyeupe, kwani ngozi iliyolambwa hadi ikachubuka itamwasha vibaya. Daktari wa mifugo atachukua uchafu kidogo, autazame kwa hadubini, ndipo atoe dawa.

6. Hesabu ni kucha ngapi zimebadilika. Hapa ndipo penye uzito. Ukucha mmoja uliogeuka zambarau baada ya kubanwa na mlango ni damu iliyovilia ndani, na baka hilo husogea mbele kadiri ukucha unavyokua. Lakini ukucha mmoja ukibadilika bila sababu, kidole kikavimba, mbwa akachechemea na kidonda kikagoma kupona hata kwa dawa, usingoje. Kansa ya kidole ipo, na huwapata zaidi mbwa wenye umbo kubwa na manyoya meusi, wakiwemo Rottweiler na Labrador weusi. Ubaya wake ni kwamba hufanana sana na kidole kilichotunga usaha, mwenye mbwa akaendelea kununua dawa za usaha. Omba eksirei. Kucha nyingi za miguu tofauti zinazolegea na kudondoka ni jambo jingine kabisa: mara nyingi kinga ya mwili inashambulia shina la kucha zenyewe. German Shepherd ni miongoni mwa wanaopatwa zaidi. Huuma sana, matibabu yake huchukua miezi, na kucha zinazoota upya huenda zikawa zimepinda na kukosa rangi ya zamani.

7. Usisahau funza. Uvimbe mweupe wenye nukta nyeusi katikati, kando ya ukucha au kwenye nyama ya unyayo, ni funza aliyejichimbia. Watoto wanaotembea pekupeku uani huwapata kwenye udongo uleule, basi ukimtibu mbwa, tibu na anapolala.

8. Kucha nyeupe zikionekana zimepauka, funua mdomo. Fizi ndizo zinazoonyesha vizuri upungufu wa damu. Zikiwa nyeupe badala ya waridi, na majuzi ulimtoa kupe, nenda kwa daktari leo hii.

9. Ukucha mweusi ukate kidogokidogo. Kwenye mweupe unauona mshipa. Kwenye mweusi huuoni. Kata kipande chembamba, tazama palipokatwa, kata tena. Nukta nyeusi yenye unyevu ikitokea katikati, acha hapohapo. Mwenye mbwa wa kucha mchanganyiko ana bahati: ukucha mweupe humwonyesha mshipa umefika wapi, na wa jirani yake hautofautiani sana. Damu ikitoka, bandika wanga wa mahindi na ubonyeze kwa dakika chache hadi ikate. Na ule wa kidole cha pembeni usiuruke. Haugusi chini, kwa hiyo hausagiki, na ukiachwa hujikunja ukamchoma ngozi.