Gundi ya Vyuma vya Meno: Usiikwangue Nyumbani



Siku hizi watoto wengine hupelekwa Lubumbashi ili mganga wa meno awafungie vyuma vya kunyoosha meno. Mara nyingine mtoto akiwa hapa Kilwa chuma kimoja hubanduka, au vyuma vikiisha kutolewa, gundi hubaki juu ya jino. Baba anaona njia ya kurudi Lubumbashi ni ndefu, na kisu kipo nyumbani. Msomaji, weka kisu hicho chini. Sababu ni hizi.

Jino limefunikwa na ganda linaloitwa emaili. Mwilini hakuna kitu kigumu kuipita, hata mfupa. Lakini ni nyembamba: pale inapokuwa nene kabisa, hufika milimita 2.5 tu. Mfupa ukivunjika huunga, ngozi ikikatika hupona. Emaili ikikwanguliwa hairudi.

Na gundi imeshikaje? Viwandani watu walipaka asidi ya fosfori juu ya chuma ili rangi ishike vizuri. Mwaka 1955 mganga wa meno wa Marekani, Michael Buonocore, alieleza jinsi asidi hiyo inavyosaidia kwenye jino. Asidi hufungua vitundu vidogo sana katika emaili, gundi huingia humo na kuwa ngumu. Gundi yenyewe ina unga wa kioo ndani, na rangi yake hufanana na ya jino. Ukikwangua, huoni mahali gundi inapoishia na jino linapoanza.

Mganga wa meno anafanyaje? Ninyi mnaotoboa mwamba mnajua ncha za karbidi ya tangisteni. Mganga naye ana kichwa kidogo cha karbidi hiyo. Hukizungusha polepole na kuondoa gundi kidogo kidogo. Hatumii kichwa cha almasi, maana hicho hula emaili yenyewe. Hupoza jino kwa maji au upepo, kwa kuwa joto likizidi huumiza sehemu yenye uhai ndani ya jino. Kila mara husimama, hukausha jino na kulitazama: likikauka, gundi haing'ai kama emaili. Mwishoni hulisugua hadi liwe laini.

Basi, shikeni haya:

1. Msikwangue gundi kwa kisu, wembe, tupa wala koleo.

2. Msisugue jino kwa mchanga, majivu, makaa wala ndimu. Ndimu ni asidi, nayo hulainisha emaili.

3. Mkingoja safari, mtoto asafishe meno mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi. Gundi hukwaruza, na uchafu hushika hapo upesi. Apunguze soda na vitu vya sukari.

4. Chuma kilichobanduka kitunzeni, mkipeleke kwa mganga. Kama kinachoma shavu, au jino linauma, leteni mtoto zahanati mara moja.

5. Gundi ikiisha kuondolewa, jino likiuma kwa maji baridi siku nyingi, rudini kwa mganga.

Gundi iliyosafishwa vizuri inaweza kungoja majuma machache bila hatari kubwa. Kofia ya kazi ikipasuka, bohari hutoa nyingine. Emaili ya mtoto haipatikani bohari yoyote.