Kobalti Ndani ya Maji ya Taka

Mafakihi wanatufundisha kuwa maji yaliyobadilika rangi kwa madini ya mkondo wake hubaki twahara. Lakini twahara si lazima yawe salama kunywa, na sisi wa Kasese tunalijua hilo.

Shaba ilichimbwa Kilembe kuanzia 1956 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mabaki yenye chuma na salfa, yaani pairiti, yakarundikwa Kasese. Mvua na hewa viligeuza salfa hiyo kuwa asidi, ikatiririka na metali hadi Hifadhi ya Queen Elizabeth, ikaua majani njiani.

Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulitumia rundo lile. Mabaki yalichanganywa na maji matangini pamoja na bakteria wanaoishi kwa chuma na salfa. Subhanallah, vijidudu visivyoonekana! Walivunja pairiti, kobalti ikayeyuka. Kisha mawe ya chokaa yaliyosagwa yalipunguza asidi, chuma kikaganda na kutuama. Mwishowe, baada ya kuchujwa zaidi, umeme uliitoa kobalti majini. Chokaa hiyo hiyo hutumika kutibu maji ya migodi kwingi duniani.

Rundo limekwisha, ila mabaki mengine yako kandokando ya mto Nyamwamba, na mafuriko huyasomba. Wanakemia, mkirudi likizo Kasese au Bwera, msiridhike na karatasi ya kupimia asidi. Haionyeshi shaba wala kobalti. Pelekeni maji maabara.