Kufikisha Dawa Ndani ya Seli: Tiba ya Jeni, Selimundu na Familia Zetu

Kijitabu cha elimu kwa wagonjwa, wazazi na walezi

Kijitabu hiki tumekiandika kwa ajili ya familia zinazoishi na selimundu, au siko seli kama wengi wetu tunavyouita ugonjwa huu. Tanzania ni miongoni mwa nchi tano duniani ambako watoto wengi zaidi huzaliwa nao: zaidi ya 10,000 kila mwaka. Tangu habari za tiba ya jeni zilipoanza kusikika redioni na kwenye simu, wazazi wanaofika kliniki wana swali moja: hiyo tiba mwanangu ataipata lini? Swali hilo ni la haki na linastahili jibu la kweli. Ili jibu lieleweke, inabidi kwanza kujua kwa nini ni vigumu kuingiza dawa ya namna hii ndani ya seli.

Ugonjwa unavyoanza

Kila seli ya mwili hubeba vinasaba (jeni), yaani maelekezo ya kutengeneza protini zote tunazozihitaji. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, nayo ina maelekezo yake. Kwa mwenye selimundu, herufi moja tu ya maelekezo hayo imebadilika, na asidi amino moja (kijenzi cha protini) imeingia mahali pa nyingine. Himoglobini ya aina hii ikishaachia oksijeni hushikana na kuwa nyuzi ngumu, na chembe nyekundu ya damu hujipinda kama mundu. Chembe nyekundu ya kawaida huishi siku 120 hivi. Iliyojipinda huishi siku 10 hadi 20. Ndipo damu hupungua, macho huwa ya manjano, mishipa huziba, na maumivu huja ghafla usiku wa manane. Wengine hupata kiharusi wakiwa bado watoto wadogo.

Mtoto huupata ugonjwa pale baba na mama wote wawili wanapompa jeni yenye kasoro. Wazazi wakiwa wabebaji tu, wasioumwa, basi katika kila ujauzito nafasi ya kuzaliwa mtoto mgonjwa ni moja kati ya nne. Hakuna aliyerogwa, wala mama si wa kulaumiwa. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu ndoa zimevunjika kwa kukosa maelezo haya.

Mwaka 1948 daktari wa watoto Janet Watson, huko Brooklyn, New York, alitambua kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaugui katika miezi ya mwanzo. Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, himoglobini ya kichanga, na hii haishikani. Baada ya kuzaliwa mwili huiacha polepole, na ugonjwa hujitokeza. Miaka 60 baadaye wanasayansi waligundua kuwa jeni iitwayo BCL11A ndiyo inayoizima. Kwa hiyo jambo la kufanya likawa wazi: izuie BCL11A ndani ya seli zinazozalisha damu, himoglobini ya kichanga irudi, na chembe zitaacha kujipinda.

Kuingia ndani ya seli

Kujua la kufanya ni nusu ya safari. Seli imezungukwa na utando wa mafuta ambao vitu vidogo sana hupenya, lakini jeni na protini ni vikubwa mno. Seli ina mlango kama nyumba, na haumfungulii kila anayebisha. Hata kinachofanikiwa kuingia mara nyingi humezwa ndani ya kifuko na kupelekwa kusagwa. Ni sehemu ndogo tu inayotoroka ikiwa nzima. Kumeza jeni kwa kidonge nako hakusaidii, kwa maana tumbo huisaga kama chakula. Ni sababu ileile inayowafanya wenye kisukari wadungwe insulini badala ya kuinywa.

Wanasayansi wamejaribu wabebaji wa aina kadhaa. Wa kwanza ni virusi. Virusi wana ustadi wa kuingia kwenye seli tangu zamani. Wakiondolewa sehemu zinazosababisha ugonjwa na kupakiwa jeni nzima, wanaweza kuifikisha. Hata hivyo, njia hii imegharimu maisha. Septemba 1999 kijana wa miaka 18, Jesse Gelsinger, alifariki Philadelphia, Marekani, baada ya kinga ya mwili wake kuwashambulia vikali virusi waliobeba jeni aliyopewa kwa ajili ya ugonjwa wa ini wa kurithi. Majaribio ya aina hiyo yalisimama, na masharti yakawa makali zaidi. Kwa maoni yetu, mtu yeyote anayeizungumzia tiba ya jeni bila kumtaja kijana yule anaacha sehemu muhimu ya habari.

Leo hutumika zaidi virusi wadogo wapole wa kundi la AAV. Dawa kadhaa zinazowatumia zimeidhinishwa Marekani, ikiwemo moja ya mwaka 2017 kwa aina fulani ya upofu wa kurithi, na nyingine ya mwaka 2019 kwa watoto ambao misuli yao hudhoofika kwa kukosa jeni moja. Tatizo ni kwamba virusi hawa hubeba mzigo mdogo, herufi 4,700 hivi, na jeni nyingine ni kubwa kuliko hapo. Tena watu wengi tayari wana kinga dhidi yao, na ukishadungwa mara moja, mara ya pili mwili utawakataa.

Aina ya pili ni matone madogo sana ya mafuta, yale yaliyotumika katika baadhi ya chanjo za Uviko-19. Yakiingizwa kwenye mshipa huelekea zaidi kwenye ini. Mwaka 2025, katika jiji lilelile la Philadelphia, mtoto mchanga aliyekuwa na ugonjwa wa ini wa kurithi unaofanana na ule wa Gelsinger alipewa kwa njia hii dawa ya kurekebisha herufi iliyokosewa katika vinasaba vyake. Alipewa zaidi ya mara moja, jambo ambalo kwa virusi lisingewezekana, na baadaye aliruhusiwa kwenda nyumbani.

Aina ya tatu ni peptaidi, yaani vipande vifupi vya protini. Mwaka 1988 iligunduliwa kuwa protini moja ya virusi vya Ukimwi inaweza kupenya utando wa seli peke yake, na sehemu fupi tu ya protini hiyo ndiyo inayofanya kazi ya kupenya. Sehemu hiyo haina ugonjwa wowote. Mwaka 1994 watafiti Ufaransa walipata nyingine yenye asidi amino 16, kutoka kwenye protini ya nzi. Tangu hapo peptaidi za namna hii hufungwa pamoja na dawa ili ziipenyeze ndani, na baadhi zinafanyiwa majaribio kwa wagonjwa wa misuli. Sisi tunazitarajia sana, lakini kwa selimundu bado hazijawa dawa.

Tiba iliyopo ya selimundu

Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, dawa ya kwanza duniani inayotumia mkasi wa jeni uitwao CRISPR. Bahrain na Marekani zilifuata Desemba, Saudi Arabia Januari 2024. Hapa madaktari waliukwepa ugumu wa kuitafuta seli ndani ya mwili: wanazitoa seli nje. Seli shina za damu, zile zinazozalisha damu, huchujwa kutoka kwa mgonjwa na kupelekwa maabara, ambako hupigwa umeme kidogo ili utando ufunguke kwa muda mfupi na mkasi uingie kuizuia BCL11A. Kazi hii huchukua miezi kadhaa. Kisha mgonjwa hupewa dawa kali ya kuua seli zilizobaki kwenye uloto ili mpya zipate nafasi. Dawa hiyo hunyonyoa nywele, hudhoofisha kinga na inaweza kumfanya mtu asizae. Mgonjwa hukaa hospitali wiki nyingi.

Matokeo ni ya kutia moyo kweli. Kati ya wagonjwa 31 waliofuatiliwa kwa muda wa kutosha kabla ya idhini ya Marekani, 29 walikaa angalau miezi 12 mfululizo bila shambulio kali la maumivu. Lakini bei ya Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Kwa hiyo jibu la swali la wazazi ni hili: tiba ipo, inafanya kazi, na kwa sasa familia ya kawaida ya hapa haiwezi kuipata. Watafiti wanatafuta namna ya kuifikisha kwa sindano moja bila kutoa seli nje wala kutumia dawa kali. Hiyo ndiyo itakayofaa Afrika, na serikali zetu zinapaswa kuidai katika kila mkutano wa afya.

Unachoweza kufanya sasa

Himoglobini ya kichanga inaweza kuongezwa hata leo, kwa kidonge. Haidroksiyurea ni kemikali ndogo inayoingia kwenye seli bila kubebwa, nayo huifanya seli itengeneze himoglobini hiyo. Utafiti uliofanyika Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale, uliochapishwa mwaka 2019, uliwapa dawa hii watoto zaidi ya 600. Maumivu yalipungua, kuongezewa damu kulipungua, malaria ilipungua, na vifo pia. Haiponyi, na humezwa kila siku chini ya uangalizi wa daktari na vipimo vya damu. Ila kati ya yote yaliyoelezwa humu, hii ndiyo iliyo karibu na mtoto wako.

Mpime mtoto mapema. Mwenye selimundu apewe penisilini ya kinga hadi afikishe miaka 5, apate chanjo zote, alale kwenye chandarua, anywe maji mengi. Akipata homa mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho. Muulize daktari pia kuhusu kupandikiza uloto kutoka kwa ndugu anayelingana naye. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshawafanyia watoto huduma hiyo.

Na mtu akikuletea chupa au vidonge vya "peptaidi za kurekebisha jeni", usimpe pesa yako, na usiache haidroksiyurea kwa ajili yake. Jaribio halali la tiba hupitishwa na kamati ya maadili, huambatana na fomu ya ridhaa unayosomewa kwa lugha unayoielewa, na halimtozi mgonjwa fedha ya kushiriki. Omba kuuona waraka wa kibali. Asiyeweza kukuonyesha, ondoka umrudishe mtoto kliniki.